Sukari inayofichua kansa ya mgongo

Kibumba, wilayani Nyiragongo. Mgongo ukiuma hapa, watu hutaja mzigo wa makabichi. Waliokimbilia Kanyaruchinya mwaka 2022 hutaja pia kulala juu ya mawe ya volkano. Mara nyingi ni kweli. Lakini yako maumivu ya kansa iliyoanzia kwenye titi, pafu au tezi dume, ikahamia mgongoni na kubana uti wenye neva zinazoendesha miguu.

Namna ya kuifuatilia ilianza miaka ya 1920. Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba uvimbe wa kansa hula sukari nyingi kuliko nyama ya kawaida ya mwili. Ikapita nusu karne. Agosti 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, watu wawili wa kwanza walidungwa sukari yenye mionzi kidogo ili ubongo wao upigwe picha. Baadaye mashini ziitwazo PET zilionyesha mwili mzima: panapokula sukari nyingi panang'aa.

Uti wa mgongo ukiwa mzima hung'aa kidogo tu. Doa likiwaka hapo, waganga hutafuta sababu, kwa maana kifua kikuu cha mgongo nacho huwaka. Ndiyo sababu picha ya MRI bado inahitajika, kuonyesha kama uti umebanwa.

Kongo haikuchelewa katika elimu ya mionzi: Kinshasa ilipata kinu cha nyuklia mwaka 1959, cha kwanza Afrika. Ila sukari hii hutengenezwa kwa mtambo mwingine, na mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110. Haingoji barabara mbovu. Lazima mgonjwa aifuate. Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ilianza huduma hiyo mwaka 2018, lakini kutoka hapa kwa barabara ni kuvuka Uganda.

Kwa hiyo dalili ndizo picha ya kwanza. Maumivu yanayozidi usiku, miguu kulegea, ganzi, mkojo kuziba: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekimbia vita akaacha karatasi zake nyumbani amwambie muganga kwa mdomo kwamba aliwahi kutibiwa kansa. Anayefika angali anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea.