Mzigo Uko Njiani

Mimi ni mtu wa bei ya chini. Nikiona bei mbili, moja imepigwa mstari na nyingine imeandikwa kwa rangi nyekundu chini yake, mkono unanitangulia. Kwa miaka mitatu nimekuwa mteja wa duka moja kubwa la mtandaoni lisilo na mlango Kigoma wala Dar es Salaam. Nimenunua kava za simu, taa za sola, mabegi, na saa iliyodumu kuanzia Ramadhani hadi Idi. Unalipa kwa simu, mzigo unatoka China, wakala anaupokea Dar es Salaam, basi linauleta Kigoma, nawe unaufuata stendi. Walimu wenzangu huniagiza. Nikipata kitu kwa nusu ya bei ya madukani Mwanga, natembea siku nzima nikijiona mjanja.

Mwaka jana mama alinipa shilingi 120,000. Mama ni fundi cherehani hapa Ujiji. Cherehani yake ya kukanyaga ina umri mkubwa kuliko mimi, na magoti yameanza kumlalamikia. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya cherehani ya umeme, nyeupe, iko mezani, mwanamke anatabasamu pembeni. Akaenda kukopa kwenye kikoba chao.

"Wewe ndiye unayeyajua mambo hayo, mwanangu," alisema akinihesabia noti.

Baada ya wiki tano nikaitwa stendi. Nilipopokea boksi nilijua kabla ya kulifungua, kwa sababu lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na kicherehani cha kushika mkononi, kikubwa kidogo tu kuliko stepla ya ofisini. Nikafungua simu niwashtaki. Vipimo vilikuwepo, chini kabisa ya ukurasa: sentimita 21. Mimi mwalimu, ninayewaambia wanafunzi kila siku wasome swali hadi mwisho, sikusoma hadi mwisho. Kukirudisha kungekula karibu nusu ya pesa yote.

Nikakificha kabatini shuleni, chini ya madaftari. Mama alipouliza, nikamjibu, "Mzigo uko njiani."

Mwezi huo nilikuwa nafundisha biashara ya masafa marefu. Hapa Ujiji somo hilo halihitaji ramani. Unatoka darasani na wanafunzi, mnapita chini ya miembe, mnafika kwenye jiwe la ukumbusho la Livingstone na Stanley. Kila mwaka nawasimulia kisa kile kile, na kila mwaka tunacheka tukifika kwa Sherif.

David Livingstone alikuwa mteja wa mbali. Bidhaa zake zilitoka Unguja, zikipitia kwa balozi John Kirk na mfanyabiashara Ludha Damji, halafu zikabebwa kichwani kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Alipofika Ujiji Machi 1869, alikuta majora 62 ya kitambaa kati ya 80 yamekwisha kuibwa, na dawa zake zimeachwa nyuma Unyanyembe. Akaagiza tena, akavuka ziwa kwenda Manyema. Aliporudi Oktoba 1871, mgonjwa na amekonda, alitegemea kukuta yadi 3,000 za kitambaa na shanga ratili 700, yaani zaidi ya kilo 300. Hapakuwa na hata yadi moja. Msimamizi wa mzigo, mtu aliyeitwa Sherif, alikuwa ameuza vyote. Kwa maelezo ya Livingstone, alitazamia kwa Kurani akaona kwamba mwenye mali amekufa.

Siku chache baadaye, kama sote tunavyojua, akatokea Henry Morton Stanley. Pamoja na chakula na nguo, alileta mfuko wa barua uliokuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umekwama Unyanyembe, na ulimfikia mwenyewe baada ya mwaka mzima.

Wanafunzi hupenda hapo. "Mwalimu, kumbe mizigo ilichelewa tangu zamani!" Lakini safari hii sikucheka nao. Niliyaona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyatilia maanani. La kwanza, Livingstone anamtaja Sherif kuwa fundi wa kushona nguo. La pili, baada ya kumaliza mali ya mwenzake, Sherif aliendelea kuja kumsalimia asubuhi na jioni, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nami kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia mama, "Shikamoo," na yeye akiitikia, "Marahaba, mwanangu. Mzigo wetu?"

 Sherif tunamjua hasa kwa malalamiko ya mteja wake, na mteja huyo alikuwa na haki ya kulalamika. Sitaki kumtetea. Mali aliyoiuza, Livingstone anasema, aliigeuza pembe na watumwa, kwa hiyo walioumia zaidi katika biashara ile hawakuwa Waingereza. Ila nilikuwa nimezoea kumsimulia kama mwizi wa zamani, wakati kazi aliyopewa ilikuwa ndiyo kazi yangu: kusimama kati ya mtu aliyetoa mali na mali aliyoitarajia.

Mji wetu uliishi kwa watu wa katikati. Cameron, aliyefika hapa Februari 1874, aliandika kwamba pesa ya soko la Ujiji ilikuwa shanga zinazoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi walikuwepo watu wenye mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi. Soko likifungwa, wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida pande zote mbili. Wenye vibanda vya miamala ya simu wangewaelewa mara moja. Hakuna aliyenunua samaki Ujiji kwa bei ya samaki peke yake.

Mwaka 1872, Livingstone akiwa bado anasubiri wapagazi Tabora, huko Chicago Aaron Montgomery Ward alichapisha karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163, apate kuwauzia wakulima kwa posta. Bei zilikuwa chini. Lakini mwaka 1875 aliongeza ahadi: usiporidhika, unarudishiwa pesa. Naona alielewa kwamba anayeagiza kutoka mbali anaogopa kudanganywa kuliko anavyoogopa bei.

Na Kigoma tuna mzigo mmoja uliofika salama. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Ilikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Haikuja peke yake. Mafundi watatu wa karakana ile walisafiri nayo hadi hapa. Walioifungua ndio waliokuwepo kuifunga.

Ijumaa moja nilikitoa kicherehani kabatini nikaenda nacho nyumbani. Mama alikuwa akipiga pindo. Nilikiweka mezani, karibu na mkasi. Alikiangalia, akakibonyeza mara mbili, kikalia tik-tik.

"Kimefika lini?"

"Siku kumi na nane zilizopita."

Alinyamaza. Nilianza kueleza habari za vipimo, na maandishi madogo ya chini. Akanikata.

"Hiyo laki na ishirini ni ya kikoba, tutailipa. Hizo siku kumi na nane ni zako. Ungeniambia siku ile ile ningeshakwenda kumwomba mwenyekiti anisogezee mbele."

Nimelipa shilingi 20,000 kila mwezi kwa miezi sita. Cherehani ya kukanyaga bado inafanya kazi, na magoti bado yanalalamika. Sasa tunaweka akiba ya kununua ya umeme hapa hapa Mwanga, kwa bei ya dukani, kwa mtu tunayelijua jina lake na nyumba yake.

Sijaacha kununua mtandaoni. Walimu wenzangu bado wananiagiza, na bei za chini bado zinanifurahisha. Ila nasoma hadi chini ya ukurasa, na mzigo ukifika nampigia mwenyewe kutoka pale pale stendi, kabla sijaufungua.