MASKI ZA NYWELE: ZINASAIDIA NINI, NA WAPI UNAPOTEZA HELA

Leo tuache siasa kidogo tuingie saluni.

Swali ambalo halikosi wakikaa kina dada (na siku hizi hata kina kaka wenye nywele ndefu) ni hili: nywele zimekuwa kavu kama makumbi, kila zikiguswa na chanuo zinakatika, nifanye tritimenti gani? Hapo ndipo kila mtu anakuwa daktari. Huyu anasema yai, yule anasema mayonezi, na mwenye saluni anakuonyesha kopo la bei mbaya lililoandikwa "Repair" huku anakuapia kwamba ukipaka mara tatu tu nywele zinapona.

Tuanze na ukweli ambao kopo halikuandikiwi: unywele ulioharibika hauponi. Sehemu ya unywele unayoiona nje ya ngozi haina uhai, ni kama kucha. Haina damu wala mishipa, ndiyo maana ukikatwa husikii maumivu. Kidonda kinapona kwa sababu ngozi ni hai. Unywele uliopasuka ncha hauna namna ya kujifunga wenyewe.

Sasa je, maski ni utapeli? Hapana. Ina kazi yake na ni kazi ya maana, ila ujue ni ipi, la sivyo utamaliza hela na nywele zitaendelea kubaki kwenye chanuo.

UNYWELE UMEJENGWAJE

Fikiria paa la makuti. Makuti yanapangwa yakilaliana, mvua ikinyesha maji yanateleza kwenda chini, ndani kunabaki salama. Unywele nao kwa nje una magamba madogo sana yaliyolaliana hivyo hivyo kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Ndani yake kuna nyuzi za protini inayoitwa keratini, ndizo zinazoupa nguvu. Magamba yakilala vizuri unywele unateleza na kung'aa. Yakiinuka au kubanduka, unywele unakuwa mkwaruzo, unashikana na mwenzake, unyevu unatoka haraka, na mwisho unakatika.

Nywele za kipilipili zina mtihani wa ziada. Kwa kuwa zimejikunja, mafuta ya asili ya kichwani yanapata tabu kusafiri hadi kwenye ncha. Na kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu. Kwa hiyo ukavu wake sio uchafu wala laana, ni umbo tu.

Halafu kuna suala la umri. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili kwa kawaida chini kidogo ya hapo. Maana yake ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 20 ina karibu miaka 2. Hebu piga hesabu imeoshwa mara ngapi, imesukwa mara ngapi, imepigwa pasi mara ngapi. Ndiyo maana ncha ndizo zinazoanza kufa, na ndizo zinazohitaji maski kuliko shina.

NANI KAZIHARIBU?

Dawa ya kulainisha. Hii inavunja viungo vya ndani vya keratini ili mkunjo unyooke. Kwa kipimo cha pH, maji safi ni 7, dawa hizi zipo 12 kwenda juu. Hata ile wanayokwambia "no-lye" bado ni kali, na huacha chembechembe za kalisiamu kwenye nywele zinazozidisha ukavu. Dawa ikipakwa tena juu ya nywele zilizokwisha wekwa dawa, badala ya kwenye maoteo peke yake, hapo umejitafutia.

Bliichi na rangi za kufanya nywele ziwe njano. Ili rangi itoke, magamba lazima yafunguliwe, na hayarudi yote mahali pake.

Moto. Pasi ya nywele inafika nyuzijoto 200 na zaidi. Ukiipitisha kwenye nywele mbichi, maji yaliyomo ndani yanachemka na kuacha mapovu ndani ya unywele. Ule mlio wa "chsss" sio dalili kwamba inafanya kazi, unywele unaungua!

Sabuni ya mche na sabuni ya unga. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nguo. Zina pH ya juu na zinakwangua mafuta yote. Ukichanganya na maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wetu wa Dar tunavyojua, sabuni inagoma kutoa povu na inaacha utando mweupe kichwani.

KUKATIKA NA KUNYONYOKA NI VITU VIWILI

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo soma taratibu. Chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo uziangalie mwangani. Kama ni vipande vifupi visivyo na kitu mwishoni, hizo zimekatika, na maski itakusaidia. Kama ni ndefu na upande mmoja zina kidoti cheupe, hizo zimenyonyoka kutoka kwenye mzizi. Kunyonyoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu. Zikizidi sana hapo, maski haiwezi kufanya lolote, maana tatizo lipo kwenye ngozi au mwilini: homoni, upungufu wa madini ya chuma, homa kali, baada ya kujifungua, na kadhalika.

Na ukiona nywele za pembeni ya uso zinarudi nyuma kwa sababu ya kusukwa kwa kukaza, au utosini panakuwa wazi, au kuna mapunye, vidonda au muwasho usioisha, acha kupaka vitu. Nywele zinazong'oka kwa kuvutwa zikiwahiwa zinaota tena, zikicheleweshwa mzizi unakuwa kovu na hazirudi. Nenda hospitali umuone daktari wa ngozi. Tanzania tunao wataalamu hao. Pale KCMC Moshi kuna kituo kizima cha kanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

SASA MASKI INAFANYA NINI?

Unywele ulioharibika unakuwa na chaji hasi. Kondishena nzuri ina viambato vyenye chaji chanya, vinanata pale pale penye uharibifu na kulaza magamba. Mafuta yaliyomo yanafanya nywele ziteleze, zisishikane, na zichanike bila vita. Nywele zikiteleza hazikatiki, na zisipokatika utaona zimerefuka. Hazikui haraka, ila zile zinazoota zinabaki kichwani. Hiyo ndiyo siri yote.

Ila utando huo unaondoka kila ukiosha. Kwa hiyo maski ni ya kurudia, hakuna cha mara tatu ukapona.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya unyevu, kwa ajili ya ukavu. Ya pili ni ya protini, kwa nywele zilizolegea kwa dawa au bliichi. Kipimo cha kienyeji wanachotumia saluni: chukua unywele mmoja uliotoka, uloweshe, uvute polepole. Ukikatika papo hapo bila kunyumbulika, anza na unyevu. Ukivutika kama ubani wa kutafuna na usirudi, unahitaji protini. Usizidishe protini, mara moja kwa mwezi inatosha. Ikizidi nywele zinakuwa ngumu kama fagio.

ZA JIKONI: IPI KWELI, IPI HADITHI

Mafuta ya nazi: kweli, tena sana. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni moja ya Mumbai, India, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Ni kweli kampuni hiyo inauza mafuta ya nazi, lakini sababu inaeleweka: asidi ya mafuta iliyo nyingi kwenye nazi ina molekuli fupi na nyoofu, inapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Bibi zetu wa Pwani hawakuhitaji maabara kujua hilo.

Yai: nusu nusu. Protini ya yai ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele. Mafuta ya kiini yanalainisha kidogo kwa nje. Na usisuuze kwa maji ya moto, utatoka na mayai ya kukaanga kichwani, kwi kwi kwi.

Parachichi na mayonezi: ni mafuta ya kulainisha kwa nje, basi. Parachichi lichuje vizuri, vinginevyo utaokota vipande wiki nzima.

Asali: inavuta unyevu. Kijiko kimoja ndani ya kondishena kinatosha.

Magadi, limao bichi, dawa ya meno: achana navyo kabisa.

Ukiona jikoni kuna chapati za kukaanga na hela ni ya shida, usiibe yai la watoto. Mafuta ya nazi pamoja na kondishena ya kawaida ya bei ndogo vinatosha.

SOMA LEBO KABLA YA KULIPA

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Tafuta kati ya vile vya mwanzo majina kama Behentrimonium au Cetrimonium, hayo ndiyo yanayonata. Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol zisikutishe kwa neno alcohol, hizi zinalainisha. Inayokausha ni Alcohol Denat ikiwa mwanzoni mwa orodha. Kwa protini tafuta neno Hydrolyzed, maana yake protini imekatwa vipande vidogo. Kama mbele kabisa ni Petrolatum au Mineral Oil, hiyo ni grisi ya kung'arisha, hata kama picha ya kopo ina mrembo.

HATUA KWA HATUA

1. Usiku au nusu saa kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi kidogo, zaidi kwenye ncha. Fumua mafundo kwa vidole.

2. Osha kwa shampuu na maji ya uvuguvugu. Sugua ngozi ya kichwa, nywele ziache povu lipite tu. Kama maji yako ni ya chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua, au lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha siki. Siki inaondoa ule utando.

3. Kamua maji kwa fulana ya zamani, bila kusugua. Nywele zikichuruzika, maski inapungua nguvu.

4. Gawa mafungu 4. Paka maski kuanzia ncha kupanda juu. Usijaze kwenye ngozi ya kichwa.

5. Chana polepole kwa chanuo la meno mapana, ukianzia chini.

6. Vaa kofia ya plastiki ya kuogea, juu yake taulo lililoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa. Hiyo ndiyo stimingi ya nyumbani. Dakika 15 hadi 30. Kulala nayo hakuongezi kitu.

7. Suuza, paka mafuta kidogo, acha zikauke kwa hewa. Usiku funga kitambaa cha satini, pamba inakwangua na kunyonya unyevu.

Nywele zenye dawa au rangi: mara moja kwa wiki. Zisizo na dawa: kila wiki 2. Wanaosuka rasta: fanya kabla ya kusuka na siku ya kufumua. Siku ya kuweka dawa, hakikisha kwanza imesuuzwa na shampuu yake maalum ya kuiondoa, ndipo kondishena ifuate.

KITU CHA BURE KULIKO VYOTE

Maski bila kuacha kinachoharibu ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Retachi isiwe chini ya wiki 8, na iwe kwenye maoteo tu. Dawa na bliichi visikutane kichwa kimoja. Pasi iwe ya sherehe, isiwe ya kila asubuhi. Msusi akikukaza hadi macho yanavutika, mwambie alegeze. Wewe ndiye unayelipa, usione aibu. Na ncha zilizopasuka zikatwe. Najua inauma kuona sentimita 2 zinaanguka chini, lakini ukiziacha mpasuko unapanda juu na utakata 5.

Ipe miezi 3. Usitegemee muujiza ndani ya wiki, hesabu vipande vinavyobaki kwenye chanuo kama vinapungua. Vikipungua, upo kwenye mstari. Visipopungua, angalia tena pale kwenye kukatika na kunyonyoka.

Dakika zako zikiwa zinaishia, nakili hizo hatua 7 kwenye karatasi uondoke nazo. Mwenye swali au mwenye njia yake ya Tanga, Mombasa au Unguja ambayo hatujaitaja, atupie hapo chini tujifunze wote. Ila matangazo ya makopo ya miujiza tutayafuta.