Mto Uliowaka na Mgodi wa Buluu: Nani Mshtakiwa katika Roki ya Mazingira?

Jumapili ya tarehe 22 Juni 1969, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Mto Cuyahoga ulishika moto ndani ya jiji la Cleveland, Marekani. Cheche zinazodhaniwa kuwa za treni iliyokuwa ikipita darajani ziliangukia utando wa mafuta na takataka uliokuwa ukielea majini. Moto ulidumu kama nusu saa, ukaunguza madaraja mawili ya reli, na hasara ikakadiriwa kuwa dola 50,000. Wapiga picha walipofika, ulikuwa umeshazimwa. Jarida la Time lilipoandika habari hiyo mwezi Agosti lilitumia picha ya moto wa mwaka 1952, uliozuka kwenye mto huohuo na kuleta hasara kubwa zaidi.

Mwaka 1972 mwanamuziki Randy Newman aliutungia mto huo wimbo, "Burn On", katika albamu ya Sail Away. Ni wimbo wa taratibu: piano, okestra, na sauti ya mtu anayeusifia mji kama mgeni aliyeshukuru mapokezi. Hakuna kelele wala hasira. Kinachosifiwa ni mto unaotoa moshi. Msikilizaji hucheka, kisha akajiona mjinga kwa kucheka.

Nyimbo za namna hii kwa kawaida huulizwa zilibadili nini. Swali hilo halitufikishi mbali. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ilipitishwa mwaka huohuo wa 1972, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba Newman aliiongezea hata kura moja. Napendekeza tuulize swali la mahakamani: mshtakiwa ni nani?

Kwa kipimo hicho, "Burn On", pamoja na ufundi wake wote, unapwaya. Mto umetajwa kwa jina, na mji pia. Tishari la mafuta limo. Mwenye mafuta hayumo. Viwanda vilivyougeuza mto kuwa mfereji wa maji machafu vimepita bila kuguswa, na aibu yote ikauangukia mji. Mji wenyewe haukuwa umelala. Mwaka 1968, kabla ya moto huo, wapiga kura wa Cleveland walikuwa wameshaidhinisha mkopo wa dola milioni 100 wa kusafisha maji. Siku iliyofuata moto, meya Carl Stokes, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa nchini humo, aliwatembeza waandishi wa habari kando ya mto, akiwaonyesha uchafu ulikokuwa ukitokea. Stokes alikuwa tayari na orodha ya washtakiwa. Wimbo haukuwa nayo, na Cleveland ikabaki kichekesho kwa miaka mingi. (R.E.M. waliurudia mto huo mwaka 1986 katika "Cuyahoga", wakawakumbuka wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi ile. Angalau hao waliuliza mto ulikuwa wa nani.)

Linganisha na "Blue Sky Mine" wa bendi ya Midnight Oil, uliotoka mwaka 1990. Nyuma yake kuna Wittenoom, mji wa machimbo katika eneo la Pilbara, Australia Magharibi, ambako asbesto ya buluu ilichimbwa hadi mwaka 1966. Masalio ya mgodi, laini na ya kijivu-buluu, yalitandazwa barabarani na kwenye viwanja vya kuchezea watoto ili kutuliza vumbi la ardhi. Vumbi lililoletwa kutuliza vumbi ndilo lililoua. Zaidi ya watu 2,000 waliofanya kazi au kuishi pale wamekufa kwa maradhi ya asbesto, na wengi waliugua miongo kadhaa baada ya kuondoka.

Wimbo huu haukuutaja Wittenoom. Anayesema ni mchimbaji mwenye familia ya kulisha, na katika malalamiko yake anaitaja kampuni ya sukari kuwa haitamwokoa. Asiyejua kisa hubaki akijiuliza sukari imeingiaje mgodini. Aliyejua alielewa papo hapo: mgodi uliendeshwa na kampuni tanzu ya CSR, ambayo herufi zake ni kifupisho cha jina la kampuni kongwe ya kusafisha sukari. Msomaji aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufunzwa mbinu hii. Kijembe hakitaji jina, lakini mtu akiinuka kwenda kutunza ukumbi mzima unajua kimempata nani. Fumbo ni kali pale tu linapojua linamwendea nani, na Midnight Oil walijua. Tarehe 30 Mei 1990 walisimamisha lori mbele ya jengo la Exxon jijini New York, wakapiga muziki saa ya chakula cha mchana mbele ya makarani waliotoka kula, mwaka mmoja na ushei baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska. Hapo hata fumbo halikuhitajika.

Nitaambiwa kwamba sote tunachafua, hivyo wimbo wa haki ni ule unaosema "sisi". Sikubali. "Sisi" ya nyimbo za kuihurumia dunia ni pana mno kiasi kwamba mwenye kiwanda na anayekunywa maji yake wanaimba pamoja, wameshikana mikono. Kuwashtaki wote ni kutomshtaki yeyote. Kiti cha anayeamua ni kitu kingine kabisa, na Peter Garrett, mwimbaji wa Midnight Oil, alikikalia mwenyewe: mwaka 2009, akiwa waziri wa mazingira wa Australia, aliidhinisha mgodi wa urani wa Four Mile, yeye aliyegombea useneti mwaka 1984 kwa tiketi ya chama cha kupinga silaha za nyuklia. Hilo halibatilishi wimbo. Linaonyesha kuwa mashtaka hutazama kiti, awe amekikalia nani.

Wittenoom ulifutwa rasmi katika orodha ya miji mwaka 2007. Mkazi wa mwisho aliondolewa mwaka 2022. Masalio ya asbesto, yapatayo tani milioni 3, bado yamelala makorongoni.