Cool Edit Pro: iliuzwa California, ikabaki vyumbani

Mei 2003 kampuni ya Adobe ya California ilinunua programu ya kurekodia iitwayo Cool Edit Pro kwa dola milioni 16.5. Agosti mwaka huohuo programu ikarudi sokoni ikiitwa Adobe Audition, bei dola 299. Kibiashara, Cool Edit Pro ilikuwa imezikwa. Lakini katika studio za vyumbani za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, msiba huo haukumfikia mtu. Programu yenyewe ilikuwa imeingia kwenye CD ya kuchoma, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, namba ya kuifungulia imewekwa ndani ya kifaili cha maandishi. Aliyekuwa nayo alibaki nayo, na wapo ambao hawajaachana nayo mpaka leo.

Aliyeitunga ni David Johnston. Yeye na mwenzake Robert Ellison walipitia Microsoft kabla ya kuanzisha kampuni yao ndogo, Syntrillium, huko Phoenix, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Cool Edit ya kwanza waliigawa kwa utaratibu wa jaribu kwanza ulipe baadaye, na sharti lake lilikuwa la kuchekesha: asiyelipia, kila akiifungua, aliulizwa achague mafungu mawili tu ya kazi atakayoyatumia safari hiyo. Akitaka mengine, aifunge, aifungue tena, achague upya. Kulikuwa na vituko vingine pia. Ndani ya orodha ya efekti mlikuwa na kile walichokiita kisawazisha mawimbi ya ubongo, eti kimtulize au kimchangamshe msikilizaji. Kampuni hiyohiyo ilitoa pia programu ya kuiga vikengele vinavyogongana kwa upepo. Hawa hawakuwa watu wa studio kubwa, na nadhani hiyo ndiyo bahati yetu.

Studio kubwa zilikuwa na ulimwengu wao. Pro Tools ya Digidesign ilitoka mwaka 1991, lakini ilidai kadi zake maalumu na kompyuta ya bei ambayo prodyuza wa mtaani angeisikia tu ikitajwa. Kwa Tanzania, miaka mingi kurekodi kulimaanisha Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi nzima inaingia, inapiga kwa pamoja, kanda inabaki maktaba ya redio. Redio binafsi zilipoanza, Radio One ikiwa hewani tangu 1994, ghafla kulikuwa na saa nyingi za kujaza na vijana wengi wenye mashairi mfukoni. Studio kama MJ ya Master J na Bongo Records ya P-Funk zikajenga sauti ya Bongo Fleva. Lakini studio hizo zilihesabika, na foleni ilikuwa ndefu.

Cool Edit Pro ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na traki 64, juu ya Windows ya kawaida, na kadi ya sauti yoyote ile iliyokuja na kompyuta. Karibu wakati huohuo, mwishoni mwa 1997, kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa Fruity Loops. Kazi ikajigawa yenyewe. Biti inatengenezwa Fruity Loops, inatolewa kama faili la WAV, inalazwa traki ya kwanza ya Cool Edit, kisha msanii anaingiza sauti traki ya pili, ya tatu, na kuendelea: ubeti, kiitikio, vibwagizo, zile “eeh” na “yo” za pembeni. Hivyo tu. Sehemu kubwa ya nyimbo zilizozunguka mtaani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikuhitaji zaidi ya hapo.

Kilichoifanya programu hii iwe ya chumbani hasa ni kazi yake ya kuondoa kelele. Chumba kina feni, kompyuta yenyewe inavuma, umeme ukikatika jirani anawasha jenereta. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani hazizuii hayo. Zinapunguza kidogo mwangwi wa ndani, lakini sauti ya nje inapita kama kawaida (nimeshindwa kuwashawishi watu wengi juu ya hili). Prodyuza alimwambia msanii akae kimya sekunde chache kabla ya biti kuanza. Kimya kile kilikuwa malighafi. Alikichagua kwa kipanya, akaiamuru programu ikisome. Programu ilikigawa katika mikanda mingi ya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, ikapima kelele iliyomo katika kila mkanda. Halafu katika rekodi nzima, popote mkanda ulipokuwa chini ya kipimo kile, iliufifisha.

Kwa feni ilifanya kazi vizuri sana, kwa sababu feni haibadiliki. Kwa honi ya daladala, jogoo au adhana haikusaidia kitu, maana sauti hizo hazikuwemo katika kile kimya kilichopimwa. Hapo rekodi inarudiwa. Na aliyezidisha aliumbuka: sauti ya mwimbaji ilitoka na vijipovu, mfano wa mtu anayezungumza ndani ya mtungi wa maji. Sikiliza kwa makini baadhi ya nyimbo za wakati ule, hasa mwisho wa mistari pale pumzi inapoisha. Utavisikia vijipovu hivyo.

Jambo la pili lilihusu namna efekti zilivyofanya kazi. Katika matoleo ya kwanza, ukiweka mwangwi, programu iliandika upya mawimbi yenyewe ya sauti. Ukihifadhi na kufunga faili, ile sauti ya mwanzo haipo tena. Toleo la 2 lilileta efekti zinazopita juu ya sauti bila kuigusa, lakini kompyuta nyingi zilikwama zikipewa efekti tano kwa mpigo, kwa hiyo wengi waliendelea na mtindo wa zamani: sikiliza kipande, kata shauri, pitisha. Waangalifu walitunza nakala kavu, isiyo na efekti, pembeni. Wengine walijifunza kuamua mapema na kuishi na uamuzi wao. Mimi nasikia faida ya hilo kwenye kazi zao. Leo mtu anaweza kukaa na traki moja wiki nzima akibadilisha mwangwi uleule.

Nisiipambe kupita kiasi. Cool Edit Pro haikutumia ASIO, ule mfumo unaoifanya sauti ipite kwenye kompyuta bila kuchelewa sana, kwa hiyo msanii alijisikia mkavu kwenye hedifoni huku akitakiwa aimbe kama yuko jukwaani. Biti ikitaka kubadilishwa, ilibidi kurudi Fruity Loops na kuitoa upya. Na umeme ukikatika katikati ya kazi bila UPS, mengine mnayajua.

Miaka ile ilikuwa ya mauzo ya programu za muziki. Julai 2002 Apple ilinunua Emagic ya Ujerumani, na programu yake ya Logic, upande wa Windows, ikafutwa. Mwaka 2003 Sonic Foundry ya Wisconsin iliiuzia Sony programu zake Sound Forge na Acid. Gibson, watengenezaji wa magitaa, ndio wenye mkono mzito kuliko wote. Waliichukua Opcode mwaka 1998, na haikuchukua muda programu zake zikasimama. Mwaka 2013 wakaichukua Cakewalk, na Novemba 2017 wakaifunga nayo. BandLab ya Singapore ndiyo iliyoiokoa Cakewalk mwaka 2018 na kuigawa bure. Katika mauzo hayo yote, mnunuzi alikuwa na mipango yake, na mwenye studio ndogo hakuulizwa.

Adobe hawakuiua Cool Edit mara moja. Audition 1.5 ya mwaka 2004 iliongeza nafasi ya kutumia efekti za VST zinazotengenezwa na watu wengine, toleo la 2.0 mwaka 2006 likaleta ASIO, na 3.0 ya mwaka 2007 ndiyo ya mwisho katika ukoo ule. Mwaka 2011 programu iliandikwa upya ili ifanye kazi kwenye Mac pia, na katika kuandikwa upya, MIDI na uchomaji wa CD viliachwa nje. Kuanzia 2013 toleo jipya likawa la kulipia kila mwezi kwa kadi ya benki. Januari ya mwaka huohuo Adobe walizima mitambo iliyokuwa ikithibitisha programu zao za zamani, wakaweka mtandaoni Audition 3.0 pamoja na namba yake ya kuifungulia. Wakasisitiza kwamba hiyo si zawadi, ni kwa waliokwisha kuinunua tu. Mnaweza kukisia ni wangapi waliosoma sentensi hiyo ya pili.

Ndiyo maana simshangai prodyuza mwenye kompyuta nyeusi ya mezani pembeni, ina Windows XP, haijawahi kuunganishwa na intaneti. Kurekodi sauti ya mtu mmoja juu ya biti iliyokwisha tengenezwa ni kazi iliyokamilika mwaka 2003. Sampuli 44,100 kwa sekunde ni zilezile jana na leo. Hata huko London, msanii Burial, aliyetoa albamu ya Untrue mwaka 2007, aliwaeleza waandishi kwamba ngoma zake alizipanga kwa macho ndani ya Sound Forge, akitazama tu umbo la mawimbi. Hakuna aliyeilalamikia programu.

Kinachokufa ni vitu vinavyoizunguka. Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Kadi nzuri za sauti za wakati ule, kama Audiophile 2496 ya M-Audio, zilichomekwa kwenye nafasi ya PCI, na kompyuta mpya hazina nafasi hiyo. Kadi za USB za sasa nazo haziitambui XP. Baya zaidi ni vikao vyenyewe. Faili la kikao, lenye mwisho wa .ses, halina sauti ndani yake. Lina orodha tu ya mahali WAV zilipo, kwa mfano diski D, folda fulani. Folda ikihamishwa, kikao kinafunguka kikiwa na mapengo. Na Audition ile ya 2011 haikufungua .ses moja kwa moja. Ilibidi kupita kwanza kwenye toleo la 3.0.1 na kukihifadhi kikao upya katika muundo wa XML.

Tena nafasi ilikuwa haba. Traki moja ya mono kwa biti 32 (biti za kompyuta, si za muziki) hula kama MB 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 16 unakaribia MB 680, yaani CD nzima. Diski ilipojaa, kilichofutwa ni vikao vya nyimbo zilizokwisha kwenda redioni. Ndiyo sababu msanii wa wakati ule akitaka leo sauti yake peke yake, bila biti, mara nyingi anajibiwa kwamba haipo.

Kwa wale ambao mashine yao bado inawaka, kazi ya kuviokoa vikao inajulikana. Kikao kinafunguliwa humohumo kilimorekodiwa, kila traki inajazwa kimya mwanzoni ili ianze sekunde sifuri, inatolewa kama WAV moja ndefu, inapewa jina linaloeleweka badala ya “sauti mpya 7 final”, na kasi ya biti inaandikwa kando. Wimbo mmoja unaweza kula jioni nzima, hasa pale prodyuza anapojiuliza ile traki ya 11 ni ya nani.