Ijumaa Kuu hadi Pasaka: Siku tatu za kaburini zahesabiwaje?

KILA Pasaka inapokaribia, katekista au mwalimu wa kipaimara, awe Karatu mjini au Endulen ndani ya Ngorongoro, hana budi kujiandaa kwa swali moja. Mathayo 12:40 inataja siku tatu, mchana na usiku. Yesu alikufa Ijumaa alasiri, na alfajiri ya Jumapili kaburi lilikuwa tupu. Kati ya hapo mna usiku mara mbili tu. Usiku wa tatu uko wapi?

Swali hili si dogo, kwa kuwa wapo waliolijibu kwa kuifuta Ijumaa Kuu. Herbert Armstrong wa Marekani, mwasisi wa Kanisa la Mungu la Ulimwenguni, alifundisha kwamba Yesu aliuawa Jumatano na kufufuka Jumamosi jua likizama, yaani saa 72 kamili.

Tuanze na saa, ambako Mswahili ana nafuu kubwa. Marko 15:25 inasema kusulubiwa kulikuwa saa tatu, na mistari ya 33 na 34 inataja giza la saa sita hadi saa tisa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili haelekezwi: saa tatu ni saa tatu asubuhi. Msomaji wa Kiingereza hulazimika kujumlisha sita ndipo aelewe. Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa tangu jua kuchomoza, kama sisi. Tofauti ni kwamba Karatu, iliyo nyuzi zipatazo tatu tu kusini mwa Ikweta, mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hautofautiani hata kwa nusu saa. Yerusalemu mchana huwa kati ya saa 10 hivi na saa 14, na kila saa ya kale ilirefuka au kufupika kulingana na majira.

Kikwazo ni Yohana 19:14, inayosema ilikuwa yapata saa sita na Pilato alikuwa bado hajamtoa Yesu asulubiwe. Wapo wanaodai Yohana alihesabu tangu usiku wa manane kwa desturi ya Kirumi. Hoja hiyo ni dhaifu, maana Warumi nao, ingawa siku yao ya kisheria ilianza usiku wa manane, saa za mchana walizihesabu tangu macheo. Yaelekea zaidi kwamba watu wasio na saa ya mkononi walikadiria kwa robo za mchana, na neno "yapata" lenyewe latuambia hivyo.

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Hilo pia si geni kwetu: magazeti huandika "usiku wa kuamkia Jumapili", na wazee wa pwani wanapotaja usiku wa Ijumaa humaanisha ule unaoitangulia. Basi Ijumaa alasiri ni siku ya kwanza. Ijumaa magharibi hadi Jumamosi magharibi ni ya pili. Kuanzia hapo ni ya tatu. Sehemu ya siku ilihesabiwa siku nzima. Katika Esta 4:16 malkia anaagiza mfungo wa siku tatu, usiku na mchana, lakini 5:1 yamwonyesha akiingia kwa mfalme siku ya tatu, si baada yake.

Luka 24 ndiyo inayoielemea zaidi hoja ya Jumatano. Wanafunzi waendao Emau wanazungumza siku ya kwanza ya juma, na mstari wa 21 wasema hiyo ni siku ya tatu tangu mambo hayo yatendeke. Tangu Jumatano ingekuwa ya tano.

Hapa Kiswahili, kilichotusaidia kwenye saa, chaweza kutupoteza. Siku ya kwanza ya Biblia ndiyo Jumapili, ilhali kwa jina Jumamosi ndiyo ya mosi. Juma letu lina hata tano mbili: Jumatano, na Alhamisi ambayo kwa Kiarabu ni ya tano. Wakatoliki hukwepa utata huo kwa kusema Dominika.

Huko Loliondo, wilayani Ngorongoro, Padri Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu alifanya kazi miongoni mwa Wamaasai miaka ya 1960. Kitabu chake Christianity Rediscovered cha 1978 kina kanuni ya imani ya Kiafrika inayosema kwamba Yesu alipolala kaburini fisi hawakumgusa, na siku ya tatu akafufuka. Kwa jamii ambayo zamani iliacha maiti nyikani ziliwe na fisi, siku ya tatu haikuwa hesabu ya saa 72. Ilikuwa muda ambao mwili, kwa kawaida, usingebaki.

Kuhusu mwaka, Pilato alitawala Uyahudi kuanzia 26 hadi 36. Wataalamu wanaoifuata Yohana, kwamba Yesu alikufa tarehe 14 Nisani wanakondoo walipochinjwa, hupendekeza Ijumaa ya Aprili 7 mwaka 30, au ya Aprili 3 mwaka 33, ambayo jioni yake mwezi ulipatwa. Injili nyingine tatu zinaiona Karamu ya Mwisho kuwa ndiyo Pasaka yenyewe, jambo linaloisogeza Ijumaa hiyo hadi tarehe 15, na mjadala huo haujafungwa.