Milki na Makazi katika Miji ya Tanzania

Makazi ya mjini ni vitu viwili: ardhi, na maendelezo yaliyo juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 huihesabu ardhi yote ya Tanzania kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Anachomiliki mwananchi ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo kinachotenganisha mtaa na mtaa ni aina ya milki kabla ya aina ya kuta.

Milki ya juu ni hati, itolewayo kwa kiwanja kilichopimwa na kwa muda usiozidi miaka 99. Ya pili ni leseni ya makazi, haki ya muda mfupi kwa aliyejenga eneo lisilopangwa. Huhuishwa, ila haina uzito wa hati. Ya tatu ni karatasi ya mauziano, iliyoshuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Haimo katika daftari la msajili, lakini ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kuiita uvamizi ni kosa: mvamizi huingia bila idhini ya yeyote, ilhali mnunuzi huyu amelipa mbele ya mashahidi.

Serikali imeyakabili makazi yasiyopangwa kwa njia tatu: kubomoa, kama Magomeni jijini Dar es Salaam miaka ya 1960; kuboresha, kama Manzese miaka ya 1970, sambamba na viwanja vyenye huduma vya Sinza, jijini humo humo; na urasimishaji, yaani kutambua, kupanga, kupima na kumilikisha, ambapo wenye nyumba humega viwanja vyao ili njia ipite.

Mpangaji hamo katika milki hizo zote, na hapo ndipo usawa wa makazi unapopimwa kweli. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba pande mbili za ukumbi na choo na jiko uani, huweka kaya kadhaa chini ya paa moja, kila kaya na chumba chake. Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na aghalabu hudaiwa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali naye akichukua ya mwezi mmoja. Mtaa ukirasimishwa na barabara ikatiwa lami, mwenye nyumba hupata hati. Aliyepanga hupata kodi mpya.