Kutoka Kichogo Hadi Flati

Anayefuata Barabara ya Morogoro hadi Kibamba, Dar es Salaam, leo hukuta kioo cha kompyuta kwenye steshenari, studio ya picha, hata banda la gemu. Nusu karne iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar ilirusha picha za rangi tangu miaka ya 1970. Milango ilipofunguliwa, vilitangulia vioo vya kichogo (CRT), vizito, na watu wakazoea kupima ubora kwa inchi. Mazoea hayo ndiyo yanayotupotosha hadi sasa.

Kichogo, pamoja na uzito wake, kiliunganisha rangi tulivu na mwendo usioacha ukungu. Flati, yaani vioo bapa, zilizitenganisha sifa hizo: paneli za TN ziliwahi kwa kasi, lakini rangi ziligeuka ukiinamisha kichwa; za IPS zilishika rangi, zikachelewa kidogo. Mhariri wa picha za harusi akikosea hapo, shela jeupe hutoka kwenye karatasi likiwa na umanjano. Mcheza gemu yeye hutafuta kioo kinachobadilisha picha kwa hezi 144 badala ya 60. Atakayepinga atasema paneli ya OLED imerudisha sifa zote mbili. Ni kweli, ila bei yake ni kubwa, na menyu isiyosogea kutwa inaweza kuacha alama, kasoro ileile ya kichogo. Basi tuulize kwanza kazi ipi itakilipia kioo, inchi zifuate.